Geji Kumi

Mimi na mwanga tunajuana tangu Kamukunji,
miaka kumi na tisa, bati juu, vumbi la chuma chini.
Mwanga wangu una kelele. Hutema cheche,
hutoboa shati la kazi,
na siku ukiutazama bila miwani
usiku hukumwagia mchanga wa moto machoni,
ukalia hadi adhana ya alfajiri.
Huo ndio mwanga ninaouheshimu.
Ukiunga, umeunga.

Basi fikiria nilivyocheka, kwa nusu ya mdomo,
nusu nyingine ikiwa bado na ganzi,
Daktari Nasimiyu aliponivisha miwani ya kijani
ghorofa ya tatu, Ngara, akasema, "Tulia. Haichomi."
Kikalamu cha fedha kikagusa ufizi.
Kikalia: pi. Kikanyamaza.
"Umewasha?"
"Nimewasha."
"Mbona sioni moto?"
"Macho yako hayana saizi yake."

Lililonileta ni geti la Kariobangi.
Bawaba yangu mwenyewe, niliyoiunga mbiombio Ijumaa jioni,
iliachia, na bomba likanisalimia mdomoni.
Jino moja likaenda na mate. Mengine yakainama
kama watu wanaokwepa mvua.
Taya lilipasuka, likafungwa, likapona nusu nusu,
kisha zikaja nyaya.

Waya naujua. Mwembamba ndio wenye kiburi:
ukiupinda unataka kurudi kwao,
na katika huko kurudi ndiko unakolikokota jino.
Ila jino, daktari anasema, halipiti mfupani
kama kisu kwenye siagi.
Mbele yake wapo wabomoaji, wadogo kuliko unga wa msasa,
wanakula ukuta usiku na mchana.
Nyuma yake wapo waashi, wazito kidogo wa kuamka,
wanaojaza walipobomoa wenzao.
"Huu mwanga," anasema, "ni chai ya saa nne ya hao waashi."

Nikamuuliza kama ana hakika.
Alivua glavu kwanza.
Wapo waliopima wakaona mfupa unawahi, akasema,
na wapo waliopima wakaona mambo ni yale yale.
Nikampenda kwa hilo.
Mimi mwenyewe niliwahi kumwapia mtu bawaba.

Jumanne ya tatu stima ikapotea.
Feni ikasimama. Jillo, msaidizi wake, akaguna.
Nami nimelala pale, kinywa wazi,
najisikia napona vizuri kabisa,
joto tamu likinipanda shavuni,
hadi daktari akasema, "Pole, kimezimika. Tena kitambo."
Tulicheka sote watatu. Mate yakanishuka kidevuni.

Mfupa uliomshinda fisi
leo unabembelezwa kwa taa isiyoonekana,
na mimi nalipa, elfu mbili kila Jumanne,
pesa ya dirisha moja dogo la choo.

Usiku, Mwende akishalala,
natoa rodi kwenye mfuko wa ovaroli. Geji kumi.
Nimeibambua ganda, nimeiosha kwa sabuni.
Februari ilipita kwenye pengo bila kubisha hodi.
Machi ilipita ikijikwaruza mabega.
Leo imegoma.

Nimejaribu tena chini ya balbu,
kwa upande, kwa hila, kwa kuomba.
Imegoma.

Sijui nimshukuru nani: waya, waashi,
siku zenyewe zilizopita nikipiga miayo,
au kile kikalamu kinacholia pi na kunyamaza.
Mwende amefumbua jicho moja.
"Unachokora nini mdomoni saa saba za usiku?"
"Napima."
"Lala. Kesho una geti la watu Kariobangi."

Kweli, ninalo. Bawaba ile ile.
Nitaiunga polepole, niiache ipoe yenyewe,
bila kuimwagia maji.